Picha ya mikoko wodini: kuanzia kitandani hadi skrubu ya mwisho

Kabla ya kutoa kamera mkobani, omba ruhusa kwa muuguzi mkuu, ingia wodini wakati madaktari hawapiti, ukalale kwenye kitanda kisicho na mtu. Lala chali dakika kumi. Kisha inua kichwa cha kitanda kidogo, kama mgonjwa anavyoinuliwa anyweshwe uji, ulale hivyo dakika kumi nyingine. Andika macho yako yameangukia wapi: feni, bomba la taa, doa la maji darini, ukuta wa mbele kati ya dirisha na saa. Hapo ndipo picha itakapokaa. Ukuta ulio nyuma ya kichwa cha kitanda, ambao wapambaji wengi huukimbilia kwa sababu uko wazi, huonwa na wageni tu. Mwenye maumivu hauoni kabisa.

Mwongozo huu ni wa mpiga picha wa Malindi, Watamu au Lamu aliyeombwa na hospitali, zahanati au kliniki atengeneze picha za maumbile za ukutani. Kamera ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Picha nzuri kwenye simu inaweza kuwa mbaya wodini, na picha inayofaa wodini inaweza kuharibika kwa masika moja tu kama imechapishwa kwenye kitu kisichostahimili chumvi na dawa ya kusafishia.

Kwa nini maumbile

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliopasuliwa kibofu cha nyongo kati ya 1972 na 1981. Nusu yao vyumba vyao vilitazama miti, nusu vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kwa wastani wa karibu robo tatu ya siku, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Lile lilikuwa dirisha. Baadaye yeye na wenzake walijaribu picha kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo huko Uppsala, Sweden: waliowekewa picha ya miti na maji walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, na picha ya maumbo ya pembe yasiyo na maana ya wazi iliwatia watu wasiwasi kuliko kutowekewa picha yoyote. Kwa hiyo picha isiyofaa ni mbaya kuliko ukuta mtupu, na hilo likumbukwe kila unapochagua.

Kuchagua kinachopigwa

Tafuta mahali ambapo mtu mchovu angetamani kuketi: kivuli upande mmoja, uwazi mbele, maji yaliyotulia, njia au ukingo unaoliongoza jicho hadi mbali. Upeo wa bahari uwe wazi na ulale sawa kabisa. Mgonjwa mwenye kizunguzungu akitazama bahari iliyoinama kidogo tu, kichefuchefu humrudia.

Huku pwani kuna vitu vinavyopendeza sana kwenye maonyesho ila wodini haviingii. Bundi wa msitu wa Arabuko-Sokoke ni ndege adimu na watu husafiri kutoka mbali kumwona, lakini bibi aliyelazwa na presha akifungua macho usiku akamkuta bundi ukutani, umemtisha bila sababu. Bundi kwetu ni kisirani na huna haja ya kubishana na mgonjwa juu ya hilo. Kunguru vilevile. Mbuyu usio na majani wakati wa magharibi, watu wengi wanajua nini huambiwa kinakaa humo. Ukiutaka mbuyu, upige wakati wa mvua ukiwa na majani mabichi, mchana kweupe. Magofu ya Gede yana makaburi ya nguzo, yaache. Dau tupu linaloelekea machweoni husomeka kama kuaga, na kwa mgonjwa mahututi hilo si jambo dogo. Kama chombo kinatakiwa, kiwe kinarudi bandarini, tanga limejaa, na watu ndani.

Mawimbi makali ya kusi, mawingu ya dhoruba, mti uliokauka peke yake, nyoka, buibui, mdudu aliyekuzwa hadi nywele zikaonekana: vyote nje. Mwenye homa kali huona vitu visivyokuwepo, na picha yenye vivuli vilivyosokotana humpa vya kuanzia. Hapa mikoko inataka uangalifu. Mizizi ya mkoko, ile iliyopinda kama miguu, ukiipiga maji yakiwa yametoka na giza linaingia, inafanana na kitu kinachotembea. Ipige maji yakiwa yamejaa hadi karibu na matawi ya chini, majani yakipata jua. Mahali palepale, mti uleule, hofu yote imekwenda chini ya maji.

Kisha suala la viumbe wenye roho. Wapo wagonjwa wengi Lamu na Malindi wasiopenda picha za wanyama au watu mahali wanaposali, na mgonjwa husali palepale kitandani au kwenye mkeka ubavuni pa kitanda. Kibla chetu ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Ukuta wa kaskazini wa wodi uache mtupu, au kama lazima, uweke majani na maji tu. Heroe wa Sabaki, yangeyange na samaki wa Hifadhi ya Bahari ya Malindi wapeleke kwenye kliniki ya watoto, sehemu ya kungojea na koridoni, ambako watoto watawahesabu na kuwataja majina. Kuhusu wodi yenyewe, uliza. Mwombe sista akujulishe kwa wagonjwa wawili watatu walio na nafuu, salimia kama inavyopasa, kisha uliza jambo moja tu: “Shikamoo bibi. Ukilala hapa, ungependa kuona nini pale mbele?” Usimwonyeshe picha kwanza. Ukimwonyesha atasifu ili akufurahishe.

Vyumba havilingani. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo hukaa kitini takriban saa nne, mara tatu kwa wiki. Mpe picha yenye mambo mengi ya kutazama: mwambao mrefu, miti ya namna mbalimbali, ndege wadogo mbali. Chumba cha kujifungulia kinataka picha tulivu yenye rangi chache. Kliniki ya macho, maumbo makubwa yenye mpaka wazi kati ya giza na mwanga. Wodi ya afya ya akili, kitu kinachoeleweka kwa mtazamo mmoja, kisicho na kioo wala ncha, na kimefungwa kwa skrubu zisizofunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Kwa daktari wa meno na chumba cha eksirei, picha hubandikwa darini. Wapiga picha wote huleta mnazi uliopigwa kutoka chini. Tazama vizuri kabla ya kuchapisha: kama mnazi una madafu, umemlaza mgonjwa chini ya madafu, na kila mtoto wa pwani amefundishwa asilale hapo. Tumia mvinje, mwarobaini au mwembe, majani yakipitisha anga.

Maji, upepo na jua

Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake: hujaa karibu na saa 4. Tazama jedwali la maji kwa saa kamili, kwa kuwa kila siku husogea kwa dakika 50 hivi, lakini kanuni hii inakutosha kupanga wiki. Kwa mikoko ya Mida, karibu na Watamu, au ya Lamu, siku ya bamvua kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 11 na nusu ni zawadi: maji yamejaa na jua limeshuka, majani yamepata rangi ya dhahabu. Mkondo wa kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, mashua haiingii hata hivyo mpaka maji yajae, basi mwambie nahodha mapema muda unaotaka kukaa ndani, asije akakwama kwenye tope akikungoja.

Pwani hii inatazama mashariki. Asubuhi ukielekeza kamera baharini unapigana na jua: maji huwa fedha na vivuli vyeusi. Rangi ya samawati ya bahari hupatikana kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri, jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Michanga ya Shela, Lamu, ni kinyume: inataka saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, kivuli kilale kwenye mikunjo ya mchanga kabla nyayo za watu hazijaivuruga.

Majira yana siri moja inayowapata wageni. Mto Sabaki hushusha udongo mwekundu wakati wa mvua. Kusi ikivuma, udongo ule husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui. Kaskazi ikianza, husukumwa kusini, na ghuba ya Malindi huwa na maji ya rangi ya chai baada ya mvua za vuli, hata kama anga ni safi kabisa. Miezi hiyo shuka Watamu au nenda Lamu kwa picha za maji. Kijani cha miti kitafute baada ya masika, Juni na Julai. Bahari shwari kabisa utaipata kwenye maleleji, pepo zinapobadilishana, takriban Aprili na Novemba, kati ya mvua moja na nyingine.

Kupiga

Kamera ya pikseli milioni 24 inatosha kazi nyingi. Weka faili ghafi (RAW), ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 100 hadi 200, tundu la lenzi f/8 au f/11, kamera juu ya tripodi. Kukiwa na upepo, majani yanataka kasi ya 1/250 au zaidi. Afadhali upandishe ISO hadi 400 kuliko kupata majani yenye ukungu, kwa sababu picha ikikuzwa hadi mita moja jani lililotikisika huonekana kama kosa la macho, na mgonjwa hujisumbua kulitazama. Mchanga mweupe huidanganya kamera: huupunguzia mwanga hadi ukawa kijivu. Ongeza mwanga kati ya theluthi mbili za hatua na hatua moja nzima, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, isigonge ukingo wa kulia.

Kichujio cha polaraizi ni lazima kwa mikoko. Majani yake yana nta na hung'aa kama bati. Zungusha kichujio polepole huku ukitazama jani moja tu mpaka mng'ao uondoke na kijani chake kirudi. Usiondoe mng'ao wote wa maji, ukiumaliza maji huonekana kama shimo jeusi. Kwa picha pana zenye anga nyingi kitoe kabisa, kwa maana anga hutoka na doa la bluu iliyokolea katikati.

Picha ndefu ya koridoni ishone kwa vipande. Simamisha kamera wima, piga fremu 5, kila moja ikiingiliana na jirani yake kwa asilimia 40, bila kubadilisha mwanga wala fokasi. Kwa kamera yenye pikseli 4,000 kwa 6,000 utapata upana wa karibu 13,600, na baada ya kunyoosha kingo kimo cha 5,400 hivi. Maji yenye mawimbi hayashonwi vizuri, wimbi huwa limehama kati ya fremu na fremu. Ngoja maji yatulie, au mpangilio uwe na mwambao mbele.

Kabla ya kupiga, tembea mbele ya kamera na mfuko uokote chupa, mipira ya viatu na vipande vya nyavu. Kuvifuta baadaye kwa kompyuta huchukua saa nzima na alama hubaki. Kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto la nje, la sivyo lenzi itatoka jasho na alfajiri yako imepotea. Ukitoka baharini, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa. Chumvi ikikauka kwenye vifungo haisemi, miezi sita baadaye ndipo vifungo hukwama.

Ndani ya hifadhi za bahari na msitu wa Arabuko-Sokoke, pita kwenye ofisi ya hifadhi ueleze kwamba picha zitauzwa. Kiingilio cha mgeni na kibali cha kazi ya biashara ni vitu viwili. Droni hairushwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Ukubwa na pikseli

Mgonjwa wa kitandani hutazama picha akiwa umbali wa mita 2 hadi 3. Nukta 150 kwa inchi zinatosha. Picha ya sentimita 90 kwa 60 inataka pikseli 5,315 kwa 3,543, ambazo kamera ya milioni 24 inazo na kubakiza. Simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 inafika sentimita 68 kwa 51, ikiwa ilipigwa mchana bila kukuza kwa vidole. Koridoni watu hupita karibu, hatua moja tu. Kule usishuke chini ya 150, labda kwa picha ya zaidi ya mita mbili, ambayo inastahimili 100.

Ukubwa hupangwa pia na njia. Ubao wa mita 2.4 haupiti kona za vichochoro vya Mkomani, mjini Lamu, wala haulali salama kwenye boti ya kutoka Mokowe, gati la bara. Gawa vipande vitatu, kila kimoja sentimita 80 upana na 120 kimo, nafasi ya sentimita 3 kati yao. Vikiungana ukutani ni sentimita 246. Unapokata faili, zile sentimita 3 zikate pia kana kwamba picha inaendelea nyuma ya nafasi. Ukivikata bila hivyo, mstari wa upeo na tawi lililoinama huruka kila kipande, na jicho la mtu aliyelala halitaki kitu kingine ila kuurekebisha.

Kusahihisha rangi

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni picha kutoka nyeusi. Kompyuta ilikuwa na mwanga mkali mno. Punguza mwanga wa skrini mpaka karatasi nyeupe iliyowekwa pembeni, kwenye chumba chenye mwanga wa kawaida, ilingane nayo. Fungua vivuli vya chini ya miti kidogo ili jicho lione kilichomo. Usikoleze rangi, bahari ya kalenda huchosha kufikia siku ya tatu.

Muulize mchapishaji anataka faili ya aina gani. Wengi hutaka TIFF au JPEG ya ubora wa juu katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini. Ongeza milimita 5 kila upande za kukatia. Kisha agiza kipande cha majaribio cha ukubwa wa A4, kwenye ubao au stika ileile itakayotumika, ukipeleke wodini ukakitazame saa 4 asubuhi na saa 2 usiku. Taa nyingi za wodi ni nyeupe yenye ubluu na hugeuza kijani cha mikoko kikawa cha mgonjwa. Dawa yake ni kuongeza manjano kidogo kwenye faili, na hutaijua kiasi chake bila kusimama chini ya taa ileile.

Ubao au stika ya kuchapishia

Turubai usiipeleke wodini. Inapendeza sebuleni, lakini inanyonya: damu, matapishi, dawa, unyevu wa hewa yetu. Miezi michache ukungu huota nyuma yake, madoa meusi yakatokeza mbele, na hakuna wa kuifuta. Kioo nacho ni hatari ya kuvunjika. Kinachobaki ni vitu vitatu.

Ubao wa alumini wenye plastiki katikati, milimita 3, ndio bora. Ni mwepesi, karibu kilo 4 kwa kipande cha sentimita 80 kwa 120, haupindi, na unafutika. Udhaifu wake ni kingo zilizokatwa: hewa ya chumvi huingia hapo, alumini ikachimbika na ngozi ikaachana na plastiki. Ziba kingo kwa silikoni au zifungie fremu ya alumini.

Ubao wa plastiki ya povu, wanaouita foreksi, milimita 5, ni nafuu zaidi na unafaa vyumba visivyopigwa na jua. Jua la alasiri la dirisha la magharibi huupinda kama chapati, hasa ukishikwa pembe za juu tu.

Stika ya vinili moja kwa moja ukutani inafaa kuta zenye rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya nusu ya chini ya wodi nyingi. Juu ya rangi ya maji haishiki. Hung'oka na rangi yake. Kabla ya kuamua, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Kukiwa na matone nyuma yake, au ukuta una unga mweupe wa chumvi, stika itavimba. Kuta za matumbawe hunyonya maji kutoka chini na hazina haraka ya kuyatoa.

Vyote vifunikwe kwa laminesheni ya mati, kamwe isiwe ya kung'aa, maana dirisha la mkabala litachora mstatili mweupe juu ya picha na mgonjwa ataona dirisha lile tu. Ukipata kipande cha sampuli, kijaribu kabla ya kulipa. Changanya Jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, upate klorini ya asilimia 0.5 ambayo wauguzi hutumia baada ya damu kumwagika. Soma lebo kwanza, kwa kuwa nguvu ya Jik ikibadilika hesabu hubadilika. Loweka kitambaa, futa mara hamsini, acha dakika kumi, futa kwa maji safi. Rudia upande mwingine kwa spiriti ya asilimia 70. Wino ukitoka kwenye kitambaa, au uso ukaingia weupe kama pumzi juu ya kioo, kataa. Spiriti ndiyo inayoharibu pleksi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo: huipasua vijistari vyembamba kama utando, na havirekebishiki.

Kufunga

Panga na muuguzi wa kuzuia maambukizi na fundi wa hospitali, wote wawili wasimame ukutani pamoja nawe. Watakuonyesha nyaya na mabomba ya oksijeni yanapopita, jambo ambalo drili haliulizi. Kaa mbali na sinki kwa angalau sentimita 60, na usifunike swichi, kizima moto wala alama ya mlango wa dharura. Koridoni picha na fremu yake visitokeze zaidi ya sentimita 10, machela hupita.

1. Kata karatasi za ukubwa kamili, zibandike ukutani, kisha rudi ulale kitandani. Katikati ya picha iwe mita 1.6 hivi kutoka sakafuni kwa mtu wa kitandani, mita 1.5 kwa anayesimama, mita 1.1 kwa watoto na wenye viti vya magurudumu. Sogeza mpaka shingo isiinuke.

2. Kwenye ukuta wa matumbawe anza kutoboa bila kugonga. Plasta ya chokaa ni laini na pengine ina sentimita 3 au zaidi. Plagi ikiishia humo itatoka na skrubu yake. Toboa milimita 8 kwa kina cha sentimita 9 ufikie jiwe, puliza vumbi lote, ndipo uingize plagi ya sentimita 8. Tundu likipanuka, usilijaze vijiti. Lijaze saruji, ngoja siku mbili, toboa upya.

3. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Skrubu za kawaida huanza kutoa machozi mekundu kwenye ukuta mweupe baada ya masika moja, na ukuta ukipakwa rangi yanarudi. Kati ya chuma hicho na alumini weka washa ya plastiki, la sivyo metali mbili zikilowa chumvi alumini ndiyo huliwa.

4. Pima kwa pimamaji, halafu pima tena kwa upeo wa bahari uliomo pichani. Dari za nyumba za zamani hazikunyooka, na mstari wa bahari ndio jicho litakaouamini.

5. Kwenye vyumba vya matibabu vyenye ukuta mkavu wa saruji, ziba ukingo wote kwa silikoni. Kwenye ukuta wenye unyevu acha nafasi ya milimita 20 nyuma ya ubao, ipite rula iliyozungushiwa kitambaa. Nafasi ya milimita 5 ndiyo mbaya kupita zote: haipitishi kitambaa, ila inapitisha mende.

Karatasi ya usafishaji iandike kwa Kiswahili, ibandikwe stoo ya wasafishaji: kitambaa laini, maji na sabuni kila siku, klorini panapohitajika, kisha maji safi baada ya dakika kumi, brashi na steel wool marufuku. Mwonyeshe anayesafisha kwa mikono yako, mama yule au kijana yule hasa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitunza picha kuliko mkurugenzi. Nyuma ya kila ubao andika kwa kalamu isiyofutika jina la faili, ukubwa, aina ya ubao, mwezi na mwaka, na mchapishaji. Na katika mkataba iandikwe nani atachapisha upya kipande kikiharibika na kama picha inaweza kuhamishwa chumba kingine.

Rudi baada ya wiki mbili, na tena masika yakiisha. Angalia kingo, skrubu na ukuta ulio chini ya ubao. Halafu lala tena kile kitanda, usiku safari hii, taa kubwa ikiwa imezimwa na ile ya meza ya wauguzi inawaka. Kama katika mwanga ule mdogo kuna tawi lililogeuka kuwa kitu kingine, kiondoe kipande hicho, ukapige picha nyingine.